Usitume Maharage Mwaka Huu

9 Februari

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima jikoni kwako, wewe na shemeji na mpwa wangu, na kwamba wapasua mbao unaowapikia bado wanagombania ukoko. Huku kwetu tunaendelea vizuri. Wifi yako anakusalimu sana. Ameanza kufuga kuku, paka wa jirani amekula wawili, na sasa haongei na jirani wala na paka. Kijana wetu ameingia sekondari. Suruali nimemshonea mwenyewe, nikaacha pindo nene la kushusha, maana anarefuka mpaka naogopa.

Sare za shule zimenijaa dukani. Cherehani hailali. Mimi ndiye ninayelala mapema kidogo siku hizi, kwa sababu sindano ya mkono ilinidondokea ikanichoma kidole gumba cha mguu wa kulia, na kidonda kinachukua muda wake. Kitapona tu, usijali.

Sasa dada, kilichonifanya nishike kalamu ni hiki. Usinitumie maharage mwaka huu. Naandika mapema kabla hujavuna ili usije ukahangaika na gunia na lori. Nilikwambia kwenye simu kwamba sukari yangu imepanda. Daktari amesema nimeze dawa na nipunguze wanga: mkate, wali, viazi, uji, na soda ndiyo hata nisiitazame. Mimi nimekata shauri kwamba sipunguzi, nakata kabisa. Unanijua. Na kwa kuwa maharage nayo yana wanga, nimeyatia hatiani pamoja na wenzake. Nakula mayai, samaki, mboga za majani, na karanga nikiona njaa inanizidi.

Usikasirike. Si maharage yako ninayoyakataa, ni maharage yote.

Mdogo wako,
Mkasi


23 Februari

Mdogo wangu Mkasi,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nikaketi nikaisoma tena, na mara ya pili haikuwa tamu zaidi.

Nianze na habari za nyumbani kabla sijapandwa na hasira. Shemeji yako mgongo umepona, amerudi kwenye msumeno. Mpwa wako amepata kazi hapohapo kwenye uwanja wa mbao, ya kupima urefu na kupanga, na sasa anapita nyumbani akipima kila kitu. Juzi kanipimia mlango wa jiko akasema umepinda. Nikamwambia umepinda tangu hajazaliwa, na chakula alichokulia kilipita humohumo.

Haya. Maharage yangu yamekukosea nini?

Nakuuliza swali moja na unijibu bila kunizungusha. Daktari alitaja maharage kwa mdomo wake, au umejiongeza? Maana nakujua. Mwalimu alipokwambia upunguze kelele darasani, ulinyamaza wiki nzima, mama akakuchungulia koo kwa kijiko akidhani umeumwa. Wewe ukiambiwa upunguze mwendo, unalala chini. Na karanga unazotafuna ukiona njaa, unadhani ni ukoo wa nani? Karanga, maharage, kunde, dengu, choroko, njegere, hao wote ni ndugu. Umemfukuza mmoja mlangoni, mwenzake umemkaribisha kitini.

Rudi kliniki ukaulize vizuri. Na si kwa ajili yako peke yako. Nina jirani hapa, mwanamke wa makamo kama mimi, naye ameambiwa ana sukari, na hana mtu wa kumuuliza. Uliza maharage, uliza dengu na choroko. Uliza pia kama kuona ukungu machoni asubuhi ni jambo la kawaida kwa mtu wa namna hiyo.

Kidonda kioshe na ukifunike, usivae kile kiatu chako cha kubana.

Gunia litakuja.

Dada yako,
Bi Mwiko


2 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Gunia limefika. Dereva wa lori la mbao alilishusha mlangoni pangu duka likiwa limejaa wateja, akatangaza kwa sauti: "Mzigo wa Bi Mwiko huu! Amesema ukiurudisha, atakuja nao mwenyewe!" Wazazi waliokuja kuchukua sare walicheka mpaka mmoja akasahau chenji. Mimi nilitafuta pa kuweka uso.

Kijana anafanya vizuri katika hesabu na vibaya katika kuamka. Wifi yako amezungushia banda la kuku wavu, paka anakaa nje anatazama kama mtu aliyefungiwa sherehe.

Nilikwenda kliniki kama ulivyoagiza. Yupo muuguzi mmoja pale, mama mpole lakini hacheki ovyo. Kwanza alinigombeza. Alisema mtu anayemeza dawa za sukari hakati wanga wote kimyakimya bila kumwambia mtu, sukari inaweza kushuka akaanguka. Sikumwambia kwamba siku moja nilishaona kizunguzungu nikashikilia meza ya kukatia vitambaa. Nadhani alijua. Alinipeleka kwa daktari, dawa zikapangwa upya.

Halafu nikamtolea maswali yako. Ulikuwa sahihi, daktari hakutaja maharage, nilijiongeza. Muuguzi anasema maharage yana wanga, hilo hakulificha. Lakini yana protini, na yana nyuzinyuzi zinazofanya ule wanga uingie mwilini polepole. Nikamwambia nyuzi naziamini, ndizo zinazonilisha. Hakucheka. Akaendelea kwamba kwa wale wanaokata wanga karibu wote, maharage hayapati nafasi, kikombe kimoja kinawamalizia posho ya siku nzima. Ila mimi nimeambiwa nipunguze. Kwa hiyo naweza kula nusu kikombe cha maharage yaliyoiva, yakae mahali pa wali, si juu ya wali. Dengu, choroko na kunde ni vivyo hivyo. Soya na karanga wanga wake ni mdogo zaidi. Maharage mabichi ya maganda niyahesabu kama mboga. Kisha akasema miili haifanani: nipime kabla ya kula, nipime tena baada ya saa mbili, nikubali nitakachokiona.

Nimefanya hivyo, dada. Wifi yako alipika yale yako. Nilipima nusu kikombe mbele yake, sikugusa wali wala mkate. Mchuzi ule mzito nilijaza bakuli nikaunywa, maana mchuzi si maharage. Sukari ikaruka. Siku nyingine nikarudia, ikaruka tena. Basi, kesi imefungwa. Gunia nimemwachia wifi yako alishe watoto, mimi nimerudi kwenye mayai.

Jirani yako mwambie aende akapimwe. Muuguzi anasema ukungu machoni si jambo la kungojea.

Mwandiko umelala kidogo kwa sababu naandika nikiwa nimeweka mguu juu ya stuli.

Mkasi


21 Mei

Mdogo wangu,

Salaam. Nimekawia kukujibu na usiniulize sababu. Kazi zilinizidi. Shemeji yako mzima. Mpwa wako amenyoosha mlango wa jiko na sasa haufungi.

Barua yako imekaa kwenye mfuko wa aproni yangu muda wote huu mpaka imenuka vitunguu. Kila nikiisoma kuna mahali inanikwaruza, na sikujua ni wapi. Juzi asubuhi nikiwa namenya viazi vya chungu cha maharage, nikapajua. Kisu kilinitoka mkononi.

Mkasi, uzito wa mchuzi wako umetoka wapi?

Maharage yakiiva peke yake hayatoi mchuzi wa kusimamisha kijiko. Nani alimfundisha wifi yangu kupika maharage? Mama. Alimshika mkono mwaka ule wa kwanza wa ndoa yenu, kama alivyonishika mimi nikiwa sijafika urefu wa meza. Na mama alifanya nini? Alitia viazi vilivyomenywa mapema kabisa, vikachemka mpaka vikalegea, halafu akavisaga kwa mgongo wa mwiko ukingoni mwa chungu, vikapotea. Hatukuwahi kuviita viazi. Tuliita kufunga mchuzi. Mpaka leo mtu yeyote wa nyumba yetu ukimuuliza ametia nini atakwambia maharage, kitunguu na chumvi, na hatakuwa anakudanganya, kwa sababu kwake yeye viazi ni vile vinavyokaa kwenye sahani ukaviona.

Wewe hukuwahi kupika siku moja, ungejuaje? Ulipima maharage kwa kikombe kama hakimu, halafu ukanywa bakuli zima la viazi ukisema si kitu.

Jirani yangu naye yalimkuta hayohayo. Alikula, akapimwa, sukari ikapanda, akaapa hayagusi tena. Na chungu chake kina viazi hivyohivyo, vimesagwa hivyohivyo. Mwambie wifi apike bila kufunga mchuzi. Mchuzi utakuwa mwepesi, utaona kama umeibiwa, vumilia. Pima tena.

Sasa la pili, na hili silisemi kwa utani. Februari uliniandikia una kidonda kidoleni. Nikakujibu ukioshe. Aprili umeniandikia kuku, paka, kliniki, nyuzinyuzi, na mguu juu ya stuli. Kidonda hakimo. Fundi wa cherehani ya kukanyaga haweki mguu juu ya stuli kwa starehe. Kwenye simu unasema "salama, salama" na unakata. Kwenye karatasi huwezi kukata.

Mguu una nini? Nijibu, au napanda lori la mbao nije nikae juu ya magogo mpaka kwako.

Dada yako


4 Juni

Dada,

Shikamoo. Usipande lori. Nakujibu.

Kidonda hakijafunga tangu Januari. Kilikuwa tundu la sindano, kikapanuka. Nilikuwa nakanyaga cherehani nacho, kwa sababu sare hazingoji na sikutaka watu waseme fundi ameisha. Mwanzoni mwa Februari kilianza kutoa harufu, wifi yako akalia, ndipo nikakipeleka. Daktari alisema sukari isipotulia, kidonda hakitafunga, na kisipofunga tutazungumza habari ya kukitoa kidole. Alisema "kukitoa" kama mtu anayefumua pindo. Ni kidole gumba cha mguu wa kulia, dada. Ndicho kinachosukuma kanyagio. Nimekaa juu ya kanyagio lile tangu nikiwa kijana asiye na ndevu, sijui kufanya kazi nyingine, na sitaki kujifunza.

Ndiyo maana nilikata kila kitu. Si ukaidi. Niliogopa, nikaona kama nikikaza mkono vya kutosha nitakiokoa. Sikukuandikia kwa sababu ungekuja, na ungekuja na chungu.

Haya, umeshajua. Sasa nikupe la kucheka. Nilimsomea wifi yako barua yako jikoni. Nilipofika kwenye viazi akaweka mkono mdomoni. Akasema, "Mimi? Mimi situmii viazi!" Na mkononi ameshika kiazi, nusu amekimenya! Tulitazamana. Alicheka mpaka akaketi chini, kisha akalia kidogo, akasema miezi yote hii amekuwa akininyima mkate huku akininywesha viazi kwa mkono wake. Nikamwambia hukuwa peke yako, mama alikuwemo.

Akapika bila kufunga mchuzi. Wepesi ule, dada, kama maji ya kuoshea vyombo, nisamehe. Nikala nusu kikombe na mboga za majani, mchuzi nikauacha. Nikapima baada ya saa mbili. Ilipanda kidogo ikatulia. Nimerudia kwa wiki nzima, siku nyingine maharage, siku nyingine choroko. Imetulia kila mara. Muuguzi nimemwonyesha, akaangalia namba zangu, akatikisa kichwa kwa kukubali. Hiyo kwake ni kicheko. Amesema niendelee hivyo, na kikombe nisikibadilishe kuwa kikubwa.

Kidonda bado. Naendelea kupigana.

Sasa zamu yako. Nimeisoma tena barua yako nikafika kwa huyo jirani. Una jirani mwenye umri wako, mwenye ukungu machoni, anayesaga viazi ndani ya maharage kwa mgongo wa mwiko. Dada, nimekula kwa mafundi wenzangu, kwa wakwe na misibani. Sijawahi kuona mtu mwingine akifunga mchuzi namna ile. Ni mama, ni wifi yako aliyefundishwa na mama, na ni wewe.

Huyo jirani analala kitanda gani?

Nijibu bila kunizungusha. Na mimi naweza kupanda lori, hata kwa mguu mmoja.

Mkasi


20 Juni

Mkasi wangu,

Marahaba. Nimecheka, kisha nikatoka nje nikakaa kwenye magogo ili shemeji yako asinione.

Analala kitandani kwangu. Umenishika.

Nilipimwa mwaka jana mwishoni, mara moja, kwenye zahanati, nikaambiwa nirudi. Sikurudi. Mimi ndiye ninayelisha uwanja mzima wa mbao. Nilisema wakijua mpishi ana sukari wataanza kuangalia sahani zao kwa jicho baya, na wewe ulikuwa na ya kwako. Nikaamua nikuulizie wewe, nijitibu kwa majibu yako. Rafiki yangu mmoja ana kile kimashine cha kupimia, nikala maharage yangu, nikajitoboa kwake, namba ikanitisha. Basi nikayaacha. Unasikia hilo? Nimeyatetea maharage kwako tangu Februari kama wakili, na mimi mwenyewe sijayatia mdomoni tangu siku ile ya kujitoboa. Hata baada ya kugundua viazi, niliogopa kujaribu. Nikakutuma wewe mbele ujaribu.

Na ule ukimya wangu wa Aprili hadi Mei, sababu ni hii. Unajua mimi nachambua maharage kwenye ungo kila asubuhi, natoa mawe kwa macho na vidole. Mpasua mbao mmoja aling'ata jiwe. Jino lilivunjika. Aliniambia, "Bi Mwiko, bahati mbaya tu," lakini hakukuwa na bahati yoyote pale. Jiwe lilikuwa la rangi ya maharage na mimi sikuliona. Siku zile zilizofuata sikuweza kushika kalamu. Niliona nitaondoka jikoni nikiwa naongozwa kwa mkono.

Barua yako ilipofika nilivua aproni mchana kweupe, chakula kikiwa motoni, nikamwachia mpwa wako mwiko. Nikaenda zahanati. Wamenipa dawa. Wamenipa karatasi ya kwenda hospitali kupimwa macho, na shemeji yako amesema atanipeleka mwenyewe Jumatatu. Ndiyo, nimemwambia. Aliweka msumeno chini. Kisha akauliza, "Na mimi ninayekula chungu hichohicho?" Naye tutampima.

Wapasua mbao nimewaambia mwenyewe wakiwa wamepanga foleni na sahani. Nilidhani nitatazama migongo yao ikiondoka. Mmoja akasema mama yake anayo. Mwingine akasema yeye anayo, na alikuwa akila wali wangu kimya. Yule wa jino akauliza kama nitapika sufuria moja bila viazi. Napika. Mpwa wako anachambua, mimi nakaa kando yake, kila jiwe analolitoa analiweka kiganjani mwangu nilipapase.

Ila kula bado sijala. Nakipima kile nusu kikombe, nakitazama, namwekea mtu mwingine. Wewe umeweza na kidole chako kiko hatarini. Mimi naishia kupakua.

Niandikie habari ya kidole.

Dada yako


17 Agosti

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Nimengoja kuandika mpaka nipate la kusema lenye uhakika.

Watoto wazima. Pindo la suruali limeshushwa lote, sasa nashona nyingine. Kuku wametaga, na wifi yako ametuma mayai mawili kwa mwenye paka, wamepatana. Dereva ameniambia amekuona hospitali ya macho, ukimgombeza mtu kwenye foleni. Nikashukuru, nikajua uko salama. Anasema umeambiwa macho yako bado yanaokoleka kama utashika dawa na chakula. Ungeniambia mwenyewe, lakini nitakusamehe.

Kidonda kimefunga. Ngozi yake ni nyembamba na nyekundu kama ya mtoto mchanga, daktari amenikataza kuisumbua, lakini imefunga. Kidole kinabaki. Muuguzi alikibonyeza pembeni, akaniuliza kama nasikia, nikasema nasikia. Akacheka, dada, na pembeni ana pengo la jino moja. Mimi nilishindwa kucheka, nilikuwa nafuta macho.

Jana nilikaa kwenye cherehani. Nimevaa kiatu kipana na soksi nene, na mguu wa kushoto ndio unaoanza, wa kulia unafuata tu. Mshono wa kwanza ulikwenda pembeni kama wa mwanafunzi. Wa tatu ulinyooka. Nilishona mfuko mmoja wa shati kisha nikapumzika, kama nilivyoamriwa. Safari hii nimepunguza. Sikukata.

Sasa lako. Dada, wewe ulinitoa kwenye mayai kwa nguvu, ukanivunjia kesi, ukaniokolea kidole ukiwa umeketi jikoni kwako hata wali hujaivisha. Usiniambie unaishia kupakua. Jumapili ya mwisho ya mwezi huu, saa saba mchana, wewe pima sukari kwako na mimi napima kwangu. Kisha ule nusu kikombe, mchuzi mwepesi, mboga kando, na mimi nakula changu saa hiyohiyo. Saa tisa tunapima tena. Uniandikie namba, yoyote itakayokuwa. Ikiwa mbaya tutatafuta kilichoifanya, kama tulivyokitafuta kile cha kwanza.

Na mavuno yajayo nitumie maharage. Lakini usijaze gunia. Nusu inanitosha, na ile nusu nyingine ibaki kwako, uile wewe.

Mdogo wako,
Mkasi